Mafuriko yamekula mbuzi zako Marekani? Vile ya kuomba malipo ya leta, hatua kwa hatua

Niko naandika hii nikiwa Bukavu, lakini ni ya wandugu zetu waliofika Marekani na wakarudilia kazi ya wazazi, jembe na mifugo. Familia nyingi za huku ziko na mutu kule, Kentucky, Iowa, Texas, Maine. Wengine wamekodi eka mbili tatu wanalima lengalenga na maharagi ya kuuzisha ku soko ya Jumamosi, wengine wanafuga mbuzi juu nyama ya mbuzi inatafutwa sana, zaidi wakati wa Idi na wakati wa maharusi. Na kila mwaka nasikia stori ileile, mvua ama ukame ama baridi imekula mali, mutu analia, kanisa inamuchangia kidogo, basi imeisha. Hajue kama leta ya Marekani iko na franga za mambo kama ile, na zimeandikwa mu sheria, si huruma ya mutu.

Mie nilijifunza kwa shida ya mudogo wangu. Anafuga mbuzi nje kidogo ya Lexington, shamba ya kukodi. Usiku moja ya mwezi wa pili kijito cha nyuma ya kiraro kikapanda, akanipigia kwetu ikiwa saa tano ya asubui, kwake saa kumi ya alfajiri, giza. "Yaya, mbuzi zimeenda." Kumi na moja. Zingine zimekwama ku waya ya lupango, vichwa chini ya maji. Sita za kwanza alizika asubui ileile juu hakutaka watoto wazione wakienda masomo, hakupiga hata foto moja. Namuelewa kabisa. Lakini zile sita ndo zilituletea shida karibu miezi mbili, na juu ya zile sita ndo niko naandika.

Tuanze.

Nani anatoa hizi franga

Wizara ya kilimo ya Marekani inaitwa USDA. Ndani yake kuna Farm Service Agency, wanasema FSA tu, iko na biro zaidi ya elfu mbili mu inchi mzima, karibu kila kaunti iko na yake ama inatumikiwa na ya jirani. Ile biro ya kaunti ndo mulango yako. Usichanganye na FEMA, ile biro ingine ya leta ya musaada wa misiba. FEMA inaangalia nyumba na vitu vya ndani, mbuzi na mahindi haiko kazi yake. Nimeona watu wanajaza fomu ya FEMA wanangoja mbuzi zilipwe, wanangoja bure.

Kitu kingine cha kuweka mu kichwa mapema: kwa programu nyingi za hii musaada unapashwa kuwa raia wa Marekani ama uko na kadi ya kijani (ruhusa ya kukaa kule daima). Mukimbizi anaruhusiwa kuomba kadi ya kijani kisha mwaka moja ya kukaa pale, basi usiichelewesheye, mie naiona ni chombo ya shamba sawa na jembe. Kuna pia mupaka ya mapato, wastani wa dola 900 000 kwa mwaka, ile haitugusi, tupite.

Hatua ya kwanza inafanywa mbele ya musiba: namba ya shamba

Hapa ndo watu wengi wanaanguka. Wanaenda ku biro siku ya kilio, biro inawauliza namba ya shamba, hawana. Nenda leo, hata kama uko na nusu eka, hata kama shamba ni ya kukodi. Piga telefoni uombe randevu, kama kingereza chako bado uliza kama wanaweza kukuwekea mukalimani ku telefoni, na kama haiwezekani peleka mutu mukubwa unayemuamini. Usipeleke mutoto wa miaka kumi atafsiri mambo ya deni na mali, haifai, na anakosea bila kupenda.

Beba kitambulisho, namba ya sosho sekiriti (ama namba ya kampuni kama ulifungua kampuni), na kontra ya kukodi ama karatasi ya shamba. Kama mwenye shamba alikukodisha kwa mudomo tu, mulipeana mukono mbele ya kanisa basi ikaisha, muombe mwandike sasa, hata ukurasa moja, majina yenu, eka ngapi, kuanzia lini mpaka lini, saini mbili. Na konti ya banki, juu malipo inaingia mu konti.

Watakupatia fomu za kusaini, muzisaini zote siku moja musirudi-rudi: AD-2047 ya kujitambulisha, CCC-902 ya kueleza shamba inatumika namna gani, CCC-941 ya mapato, AD-1026 ya ahadi ya kulinda udongo na mabwawa, SF-3881 ya banki. Kama unalima, kila mwaka unaenda pia kuripoti umepanda nini na eka ngapi, ile fomu ni FSA-578, na iko na tarehe ya mwisho kwa kila zao, mazao mengi ya wakati wa joto mwisho ni tarehe 15 mwezi wa saba lakini uliza kwa kaunti yako. Na kila mara ukitoka pale omba karatasi inayoonyesha ulifika siku gani na kwa kazi gani. Karatasi ile nilishaiona ikimuokoa mutu.

Kaye

Nunua kaye ya kurasa mia, na biki, uviweke ku kiraro, si mu nyumba.

Unaandika tarehe, mbuzi ngapi, jike ngapi, dume ngapi, vitoto ngapi na vya umri gani. Imezaliwa, andika. Umeuzisha, andika na bei. Imekufa kwa ugonjwa, andika. Umechinja kwa mugeni, andika. Mwisho wa mwezi piga foto ya ukurasa ujitumie mwenyewe kwa imeli, hivi kaye ikienda na maji hesabu inabaki na tarehe yake. Weka herini ya namba ku sikio ya kila munyama. Resi za kununua chakula, fakture za veterineri, karatasi za kuuzisha ku mnada, zote mu mufuko moja ya plastiki.

Watu wanaona ni kazi ya Wazungu. Mama yetu mukubwa alikuwa Nyamukubi, kule Kalehe, ile siku ya tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya soko, mito ilipobeba watu zaidi ya mia ine. Yeye alipona. Kisha wiki kadhaa walipita wanaandika orodha ya wenye kupoteza, wakamuuliza mbuzi ngapi, akasema nyingi. Nguruwe? Zilikuwako. Akaandikwa jina tu, mali hakuna. Hakudanganya, alikuwa anajua kila munyama kwa rangi na kwa mama yake, lakini mutu aliyetoka kufiwa hawezi kuhesabu. Kaye inahesabu kwa niaba yake. Na hii mwenye kuwa Kabare ama Walungu naye aifanye, si wa Marekani peke yake.

Siku yenyewe

Kwanza watu. Kisha wanyama wazima. Kisha telefoni.

Piga foto mbele ya kugusa kitu. Foto ya mbali inayoonyesha kiraro, maji, lupango. Foto ya karibu ya kila munyama aliyekufa, na ya sikio yenye namba, ikisomeka. Kama ni vitoto bila herini, vipange kwa mustari moja ili vihesabike kwa foto moja. Washa lokalizasyo ya telefoni ili foto ibebe tarehe na fasi. Video moja ukitembea polepole, unasema tarehe, saa, unahesabu kwa sauti, kiswahili haina shida. Najua inachoma roho, mudogo wangu alilia akipiga foto ya zile tano zilizobaki ku waya. Lakini alipiga.

Ita veterineri kama yuko karibu, aandike hesabu na sababu. Kama gari ya kubeba mizoga inakuja, chunga resi yake, ile ni ushahidi wa nguvu. Andika majirani waliofika na namba zao.

Na kama umeshazika bila foto? Haijaisha. Wanakubali barua ya mutu wa tatu aliyeona kwa macho yake, lakini si bibi yako, si ndugu yako, si mutu unayemulipa kazi. Kwetu mukubwa wa boma angetosha, pale hapana, wanataka mutu hana faida ndani. Mudogo wangu alipata barua ya jirani moja muzee aliyemusaidia kuchimba, aliandika aliona mbuzi sita, fasi ile, siku ile, na anajua namna gani kwamba ndo zake. Pia lazima uonyeshe ulikuwa nazo kweli mbele ya mafuriko, na hapo ndo mufuko ya resi inasema. Bila barua ile wangehesabu tano tu.

Siku hazikungoji

Soma hapa mara mbili.

Kwa mazao yaliyo chini ya NAP (nitaieleza mbele), unaripoti hasara mu siku 15 kuanzia musiba ama kuanzia siku hasara ilipoonekana, fomu ni CCC-576. Lakini mazao yanayovunwa na mukono, na hapo ndo mboga zetu ziko, ni saa 72. Siku tatu! Lengalenga imelala chini kwa mvua ya mawe Ijumaa, Jumatatu asubui biro inafungua unakuwa mulangoni. Tuma imeli hata Jumamosi usiku ili tarehe ijulikane, kisha uende mwenyewe.

Kwa mifugo iliyokufa, mwisho ya kuripoti na kuomba ni tarehe 1 mwezi wa tatu wa mwaka unaofuata ule wa hasara. Inaonekana mbali, na hiyo ndo mutego wake, mutu anasema bado, foto zinapotea na telefoni, jirani anahama. Enda wiki ileile.

Na lupango ilivunjika, usianze kuijenga mbele ya kuuliza. Ile programu ya kurudisha shamba na lupango, ECP, kwa kawaida inalipa mpaka asilimia 75 ya gharama, kama kaunti yako imekubaliwa, lakini unaomba kwanza, wanakuja kuangalia, wanakubali, ndo unaanza. Ukijenga kwanza unaweza kupoteza haki yako yote. Funga mifugo kwa kamba, azima lupango ya jirani, fanya vyenye unaweza, lakini ngoja. Kwa mutu wetu aliyezoea kuamka na kutengeneza mwenyewe hii ni ngumu kumeza, mudogo wangu alikuwa ameshanunua misumari.

Programu gani ni yako

Usiende kusema tu "nataka musaada". Taja jina, watakusikia haraka.

LIP ni ya mifugo iliyokufa. Ngombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, bata, farasi na wengine. Inalipa asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko, bei wanaiweka wao kwa kila aina na umri, si bei yako. Fomu ni CCC-852. Munyama anapashwa kuwa wa biashara, wa kuuzisha ama wa kutoa maziwa ama mayai ya kuuzisha. Kuku tano za watoto kucheza nazo hazihesabiwi, na ndo maana resi za kuuzisha zinahitajika. Sababu inapashwa kuwa kubwa: mafuriko, kimbunga, radi, moto ya pori, joto kali, na magonjwa fulani. Baridi ina masharti yake, dhoruba ya wakati wa baridi inapashwa kudumu siku tatu mufululizo, na upepo, barafu, baridi kali pamoja. Usiku moja wa baridi kavu ulioua vitoto haukubaliwi kwa njia hiyo, na wengi wanakataliwa hapo. Kama ni munyama wa pori anayelindwa na leta ndo alikula, tangu sheria ya mwezi wa saba 2025 wanalipa asilimia 100.

LFP ni ya ukame, majani yamekauka. Hapa munyama hajakufa, lakini hana cha kula. Wanaangalia ramani ya ukame inayotoka kila Alhamisi, iko na alama kuanzia D0 mpaka D4. Kaunti yako ikikaa D2 kwa wiki ine mufululizo unapata malipo ya mwezi moja, ikizidi malipo inazidi, D3 na D4 zinapanda zaidi. Malipo ya mwezi ni asilimia 60 ya gharama ya chakula walivyoihesabu wao. Ni ya wanyama wanaokula majani mu pori, nguruwe na kuku hawamo. Fomu CCC-853. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kuonyesha ukame, ramani inaonyesha, wewe unaonyesha wanyama na kontra ya malisho. Kontra tena.

ELAP ni ya nyuki, samaki wa kufuga, chakula cha mifugo kilichooza ama kusombwa, kubeba maji wakati wa ukame. TAP ni ya miti ya matunda iliyokufa, inaanza kulipa kifo kikizidi kile cha kawaida.

NAP ni tofauti, ni kama asiransi, unaingia mbele ya musimu. Inafunika mazao yasiyo na asiransi ya kawaida, na mboga zetu nyingi ziko mule. Bei ni dola 325 kwa zao moja, dola 825 kwa kaunti moja hata mazao yakiwa mengi, lakini mukulima mupya, yaani hajamaliza miaka kumi ya kulima kwake, anaweza kusamehewa akijaza CCC-860. Kiwango cha chini kinaanza kulipa ukipoteza zaidi ya nusu ya mavuno, na kinalipa kwa asilimia 55 ya bei ya soko. Ni kidogo. Lakini ifananishe na sifuri uone. Kwa mie mutu mwenye bustani ya mboga asiingie musimu bila NAP, hii nasema bila kusita.

Hesabu inakwenda namna gani

Tuchukue mbuzi. Walikubali kwamba mbuzi zinakufa hata bila musiba, kila jimbo linaweka asilimia ya vifo vya kawaida, wanaikata. Tuseme ulikuwa na mbuzi 40 na kiwango ni asilimia 5, hiyo ni mbuzi mbili. Zimekufa 11, unalipwa 9. Bei ya wastani ya mbuzi mukubwa na ya kitoto si moja, ndo maana kaye inapashwa kusema umri. Mudogo wangu aliandika "mbuzi 11" tu ku fomu ya kwanza, ikarudi, tukakaa usiku mzima kwa WhatsApp, moto wa SNEL, kampuni yetu ya umeme, umekatika kwetu, telefoni iko na asilimia nane, tunafananisha namba za masikio na tarehe za kuzaliwa. Jike saba, dume moja, vitoto tatu. Ilipita.

Usiongeze hata moja. Nasema hivi juu najua shauri zinazotembea, "andika ishirini, hawatahesabu". Wanahesabu. Kudanganya ku fomu ya leta pale ni kosa ya jinai, na kwa mwenye kadi ya kijani inaweza kukamata makaratasi yake yote ya kukaa.

Na hakuna komisyoni. Kujaza hizi fomu ni bure. Mudogo wangu alipigiwa na mutu, anaongea kiswahili safi kabisa, akasema ataharakisha dosye kwa dola mia tatu na anahitaji namba ya sosho sekiriti na ya konti. Alikaribia kutoa, juu kwetu dosye haitembei bila mutu wa kuisukuma. Kata telefoni, piga mwenyewe namba ya biro ya kaunti yako, uulize.

Wakikataa

Barua ya kukataa inakuja na sababu na inaandika haki zako. Isome na mutu anayejua kingereza siku ileile. Uko na siku 30. Unaweza kuomba biro ya kaunti iangalie tena, ama kwenda kwa wapatanishi, ama kupeleka ku National Appeals Division, hao ni wa kusikiliza malalamiko, hawako chini ya FSA. Usiende kupiga makelele ku guichet. Andika barua fupi: tarehe, namba ya dosye, kitu walisema kinakosa, kitu unaleta. Zile mbuzi sita zilikataliwa kwanza kwa "hakuna ushahidi", tulipeleka barua ya muzee jirani, foto ya udongo uliochimbwa mupya, na resi ya kununua jike ine za ndani yake. Siku ya ishirini na mbili. Walikubali.

Kisha malipo kuingia, usile yote. Ni mapato ya shamba, yanalipiwa kodi, mwanzo wa mwaka utapata karatasi 1099-G yenye kuonyesha kiasi. Ipeleke kwa anayekufanyia kodi pamoja na kaye, juu chakula, dawa na kukodi shamba vinapunguza ile kodi, na anaweza kukuambia kama unaruhusiwa kusogeza sehemu ya mapato mwaka unaofuata.

Mwenye kukwama ku fomu fulani aandike namba ya fomu na jimbo yake, asiandike namba yake ya sosho sekiriti hapa, tafazali. Nitajibu magaribi, moto ikiwako.